Breki za ABS: Kanyaga, Usiachie, Elekeza

Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja na madereva wa hapa Nyakahanga, wa Kayanga na Omurushaka, na hata wa nyuma ya vilima, huko Nkwenda na Isingiro katika wilaya ya Kyerwa, nalo swali hilo, ingawa kila mwulizaji hulivika maneno yake, kiini chake hakibadiliki: "Nilikanyaga breki kwa ghafla, pedeli ikanitetemeka mguuni, chini kukasikika mlio kama wa chuma kinachosagwa, nikaogopa nikaiachia. Je, breki zangu ni mbovu?"

Jibu langu ni fupi, nalo nataka lisomwe kabla ya jingine lolote: la, breki hazikuwa mbovu, zilikuwa zikifanya kazi ile ile zilizoundwa kwayo, na kosa lilikuwa katika kuziachia. Lakini kwa kuwa jibu fupi aghalabu halimkinaishi mtu aliyekwisha kutishika, na kwa kuwa swali hilo lina ndugu zake wengi, kama vile taa inayowaka bila kuzimika, fundi anayeshauri nyaya zikatwe, na gari lisilotaka kusimama juu ya moramu, nimeona ni wajibu kuyakusanya yote mahali pamoja, ili dereva ayasome akiwa ametulia nyumbani kwake, kabla ya saa ya hatari ambayo haimpi mtu nafasi ya kuuliza.

## Kazi yake kwa maneno machache

Tairi linaloviringika hushika njia, na tairi lililofungwa huserereka. Katika gari lenye breki za kale, dereva akikanyaga kwa nguvu zake zote juu ya lami yenye maji, magurudumu hufunga yakaacha kuzunguka, na tangu hapo usukani hauna amri tena, kwa sababu magurudumu ya mbele yaliyosimama hayaligeuzi gari hata ukiuzungusha usukani mpaka mwisho wake. Gari huendelea kule kule lilikokuwa likielekea, mbele yake kuwe na mtaro, mgomba au mtoto.

Breki za ABS ziliwekwa ili kuzuia hilo. Karibu na kila gurudumu kuna sensa inayohesabu mzunguko wake na kupeleka habari kwa kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu moja linakaribia kusimama ilhali gari bado linakwenda, huamuru valvu zipunguze nguvu ya mafuta ya breki kwa gurudumu hilo peke yake, likizunguka tena huirudisha nguvu, na kazi hiyo hufanyika mara nyingi katika sekunde moja, upesi kuliko uwezo wa mguu wa mwanadamu yeyote. Mtetemo unaousikia mguuni ni mafuta hayo yanayokwenda na kurudi, na mlio ule wa kusaga ni wa pampu na valvu zikiwa kazini.

Fikira hii ilianza katika ndege, ambazo matairi yake yalikuwa katika hatari ya kufunga na kupasuka yanapogusa uwanja kwa kasi. Na mwaka 1978 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaitoa kwa namna ya umeme tunayoijua leo, ikaanza kuwekwa katika magari makubwa ya kifahari ya Mercedes-Benz. Kilichokuwa anasa ya matajiri miaka ile kimo leo katika Noah ipakiayo abiria Omurushaka, na huenda mwenye gari hajapata kuambiwa namna ya kukitumia.

Neno moja nakuomba ulihifadhi, maana yote yatakayofuata yamejengwa juu yake: breki hii haikuahidi kukufupishia njia, ahadi yake ni kukuachia usukani.

## Jua kwanza kama gari lako linazo

Usikisie wala usitegemee kauli ya aliyekuuzia. Fanya hivi:

1. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Taa ya rangi ya manjano yenye herufi A, B na S ndani ya duara itawaka.
2. Subiri sekunde chache, au washa injini. Taa hiyo sharti izimike yenyewe. Ikizimika, gari lina ABS, na mtambo umejikagua ukajiona mzima.
3. Ikiwaka isizimike, mtambo upo lakini haufanyi kazi. Soma sehemu ya taa hapa chini.
4. Ikiwa haiwaki kabisa hata swichi inapofunguliwa, huenda gari halina ABS, au huenda kuna mtu aliyeichomoa balbu ili kuuficha ubovu. Fungua boneti utafute kisanduku cha chuma chenye mabomba membamba ya breki kadhaa yanayoingia na kutoka. Ukikikuta, ilhali taa haiwaki, fahamu kuwa umefichwa jambo.

Tahadhari moja kwa wenye pikapu za zamani: baadhi ya pikapu zilitengenezwa na ABS ya magurudumu ya nyuma tu. Hizo husaidia mkia wa gari usizunguke, lakini magurudumu ya mbele yanaweza kufunga, na usukani ukapotea. Muulize fundi kabla ya kuitegemea.

## Hatua za kufuata hatari inapotokea

Hatari yenyewe unaifahamu: unatoka kwenye kona, na kundi la ng'ombe wa pembe ndefu limejaa njia nzima, au pikipiki iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi imeingia barabarani bila kutazama. Fanya mambo haya kwa utaratibu huu:

1. Kanyaga breki mara moja, kwa nguvu zako zote. Usipapase. Ikiwa gari ni la gia za mkono, kanyaga na klachi pamoja, ili injini isizimike.
2. Usiachie. Pedeli itatetemeka, italia, pengine itashuka kidogo chini ya mguu. Vumilia. Mguu ubaki pale pale mpaka gari lisimame au hatari iwe imepita.
3. Tazama upenyo, usitazame kitu unachokiogopa. Mikono ya dereva hufuata macho yake. Mwenye kumkazia macho ng'ombe humgonga ng'ombe.
4. Elekeza usukani kwa kiasi. Geuza tu kadiri ya kukiepa kitu kilicho mbele, kisha urudi upande wako wa kushoto. Usiukate usukani kwa pupa.
5. Gari likisimama, tazama kioo cha nyuma kabla ya kufanya lolote, washa taa za hatari, uondoke barabarani ikiwezekana. Aliye nyuma yako huenda hana breki kama zako.

Hatua hizi husomwa kwa dakika moja, lakini mwili hauzikubali ila kwa mazoezi.

## Mazoezi ya ndoo

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokuwa zimeshika, nilikaa kando ya kijana mmoja mwenye Noah, ambaye wiki iliyotangulia alikuwa amemkosakosa mbuzi. Tulikwenda kwenye uwanja mpana ulioshindiliwa, usio na watu, tukasimamisha ndoo tupu ya plastiki katikati iwe badala ya mbuzi, nikamwambia aje kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, akifika kwenye jiwe nililoliweka akanyage kwa nguvu zake zote.

Mara ya kwanza alikanyaga, pedeli ikampiga mguu, akaiachia papo hapo kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Ndoo ikaruka, ikaviringika mpaka kwenye majani. "Mzee, breki imekufa," aliniambia, jasho likimtoka. Nikamjibu: "Haikufa, mwanangu. Iliyokufa ni imani yako."

Mara ya pili hakuachia, lakini mikono yake ilikakamaa juu ya usukani, akaisukuma ndoo taratibu kwa bampa, akiwa ameitumbulia macho. Mara ya tatu nilimwambia asiitazame ndoo, ayatazame majani ya kulia kwake. Akakanyaga, gari likanguruma na kutetemeka, na huku mguu wake umeikandamiza pedeli mpaka chini, akalipitisha gari kando ya ndoo na kusimama hatua chache mbele. Tuliposhuka kuangalia alama, hapakuwa na michirizi miwili mirefu ya tairi lililofungwa. Palikuwa na mabaka-mabaka, hapa limeshika, hapa limeachia, hapa limeshika tena. Kijana aliinama akayagusa kwa kidole, na tangu siku hiyo sikuhitaji kumweleza nadharia yoyote.

Ukitaka kufanya kama yeye, zingatia haya:

- Tafuta mahali pana, tambarare, pasipo na watu, watoto wala mifugo, na uombe ruhusa ya mwenyewe.
- Usiwe na abiria wala mzigo ila mtu mmoja wa kukusaidia, na nyote mfunge mikanda.
- Anza na kilomita 20 kwa saa, upande kidogo kidogo, usipite 40.
- Rudia mpaka mguu usishtuke tena. Mara tano au sita huwatosha wengi.
- Kagua matairi na mafuta ya breki kabla ya kuanza.

## Makosa yanayorudiwa kila siku

Kupampu breki. Wengi tulifundishwa kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, ili magurudumu yasifunge. Fundisho hilo lilikuwa sahihi kwa gari lisilo na ABS, na kwa gari hilo lingali sahihi hata leo. Lakini mwenye ABS apampuye huunyang'anya mtambo kazi yake, akaifanya vibaya kuliko mtambo, na huku mita zinakwisha.

Kukanyaga nusu. Dereva mwenye woga hukanyaga kidogo, akaongeza, akaongeza tena, na anapofika kwenye nguvu kamili amekwisha kufika kwenye ng'ombe.

Kukata usukani kwa nguvu. Kwa kuwa magurudumu bado yanazunguka, gari litakutii. Ukiukata usukani kama mtu aliyezoea gari lisilotii, litakutoa barabarani au kukupeleka upande wa gari lijalo. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, wachunguzi walipolinganisha magari yenye ABS na yasiyo nayo, waliona kuwa yenye ABS yaligonga magari mengine kwa uchache zaidi njia inapokuwa na maji, walakini yalizidi kutoka nje ya barabara na kupinduka.

Ghururi. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Katika mji wa Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, teksi za kampuni moja ziligawanywa, baadhi zikawa na ABS na baadhi zikawa hazina. Baada ya muda ajali za makundi yote mawili zilionekana kukaribiana, kwa sababu waliopewa breki bora walianza kuendesha kwa ujasiri zaidi, wakaingia kona kwa kasi na kumkaribia mno aliye mbele. Manufaa ya mtambo yaliliwa na kiburi cha mguu.

## Njia zetu na tabia zake

Lami yenye maji. Hapa ndipo ABS inapofaa zaidi. Barabara ya lami itokayo Kyaka kuja Omurushaka huwa hatari hasa katika dakika za kwanza za mvua baada ya siku nyingi za jua, kwani vumbi na mafuta yaliyodondoka huchanganyika na maji yakawa kama sabuni. Punguza mwendo mapema, na uache nafasi: chagua alama iliyo kando ya njia, na baada ya gari la mbele kuipita hesabu sekunde, usifike wewe kabla ya sekunde tatu, na mvua ikinyesha ziwe sita.

Moramu na kokoto. Hapa wengi hulalamika kuwa gari la ABS "halisimami", nami nakiri kuwa wana haki. Juu ya kokoto zilizolegea, tairi lililofungwa hulima kama jembe, likakusanya kifusi mbele yake, na kifusi kile hulizuia. ABS hairuhusu tairi kufunga, basi tairi hupanda juu ya kokoto na kuendelea, na gari huhitaji masafa marefu zaidi ili lisimame. Dawa yake ni mwendo mdogo kabla ya hatari, wala usiutafute uponyaji katika kukata nyaya, kwa maana dereva anayehitaji usukani wake juu ya lami ni yule yule anayepita juu ya moramu.

Njia ya mawimbi-mawimbi. Magurudumu yanaporukaruka, kila gurudumu lililo hewani husimama upesi likikanyagiwa breki, na kompyuta hudhani linaserereka ikaachia nguvu. Kwa hiyo funga breki mapema, kabla ya kuingia sehemu mbovu.

Tope. ABS haiumbi mshiko mahali pasipokuwa na mshiko. Njia ya udongo mwekundu iliyolowa haishikiki kwa tairi lolote lililojaa tope katika mifereji yake. Shuka kwa gia ya kwanza, polepole, bila kugusa breki kwa ghafla, na ikiwa huna yakini, simama usubiri njia ikauke.

Mteremko mrefu. Vilima vya Karagwe na Kyerwa vina miteremko inayochosha breki, na breki iliyopata moto mno hulegea hata ukanyage vipi. ABS haina dawa ya maradhi hayo, kwa kuwa kazi yake ni kupunguza nguvu ya breki, wala haiwezi kuongeza nguvu isiyokuwapo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeipandia kilima hicho, wala usiweke gia huru ili kuokoa mafuta, kwa maana mafuta ni rahisi kuliko roho ya mtu.

## Taa ikiwaka njiani

- Taa ya manjano ya ABS peke yake: breki za kawaida bado zipo, ila magurudumu sasa yanaweza kufunga. Endesha polepole, acha nafasi kubwa, na ukilazimika kufunga breki kwa ghafla, siku hiyo upampu kama zamani. Lipeleke gari kwa fundi bila kuchelewa.
- Taa nyekundu ya breki: hakikisha kwanza kuwa hendibreki imeachiwa. Ikiendelea kuwaka, simama mahali salama ukague mafuta ya breki. Yakiwa yamepungua, kuna kuvuja au pedi zimekwisha. Usiendelee na safari.
- Zote mbili kwa pamoja: simama. Huenda mgawanyo wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma umepotea, na magurudumu ya nyuma yakifunga kwanza gari hugeuka likatazama lilikotoka.

Unapokwenda kwa fundi, mwombe aunganishe mashine ya kusoma hitilafu kabla ya kufungua kitu chochote. Aghalabu ubovu ni jambo dogo: sensa iliyoshikwa na tope au vumbi la chuma, waya uliokatika kwa jiwe, au beringi ya gurudumu iliyochakaa. Fundi asemaye mara moja "tuichomoe fyuzi taa izimike", au "tukate waya, utasahau habari hiyo", hajakutengenezea gari, amekufumba macho.

## Matunzo yasiyohitaji utajiri

1. Matairi. Mtambo wote huu unaishia kwenye kipande cha mpira kinachogusa njia, kisichozidi sana kiganja cha mkono kwa kila tairi. Tairi kipara halisaidiwi na kompyuta. Mifereji ikifikia milimita 1.6, tairi limekwisha.
2. Umri wa tairi. Tafuta ubavuni tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba unaong'aa waweza kuwa mzee kuliko unavyodhani.
3. Ukubwa mmoja. Matairi manne yawe na kipimo kimoja. Tairi dogo huzunguka upesi zaidi, na sensa zikalinganisha mambo yasiyolingana.
4. Mafuta ya breki. Soma kifuniko cha chupa yake. Kama kimeandikwa DOT 3 au DOT 4, fuata hivyo. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na maji yaliyomo huchemka breki zikipata moto, pedeli ikawa laini kama sifongo. Yabadilishwe yote kila miaka miwili.
5. Usitie kitu kingine. Maji ya sabuni, mafuta ya injini au ya usukani huharibu mipira na valvu, na kuubadilisha mtambo wa ABS ni gharama kubwa kuliko chupa mia za mafuta halali.
6. Kuosha. Baada ya safari ya tope, osha ndani ya magurudumu, kwa uangalifu usizivute nyaya za sensa.

## Hoja za wenye shaka

*"Nimeendesha miaka ishirini bila ABS, sijapata ajali."* Mshukuru Mungu kwa hilo, bwana dereva, lakini uzoefu haukupi miguu minne, na ABS hupunguza nguvu kwa gurudumu moja bila kuyagusa mengine, jambo ambalo pedeli moja haiwezi.

*"Gari linasimama vizuri tu ingawa taa inawaka."* Litasimama vizuri kila siku, ila siku ile moja utakapokanyaga kwa nguvu zako zote juu ya maji, na siku hiyo haitoi ilani.

*"Basi nikiwa nayo nzima, niko salama."* La hasha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza aghalabu hupotea kabla mguu haujafika kwenye pedeli. Tena mwendo ukiwa maradufu, masafa ya kusimama tangu breki ziliposhika huwa mara nne. Kilomita 50 kwa saa zilizoamriwa na sheria penye makazi ya watu zina sababu, nayo ni hesabu hiyo.

*"Mimi ni abiria tu, yanihusu nini?"* Yanakuhusu sana. Ukipanda gari ambalo dashibodi yake imejaa taa zisizozimika, au dereva akishuka kilima kwa gia huru, una haki ya kusema, na ukisema kwa adabu huenda ukawaokoa watu wote waliomo. Tena usikubali kukaa wa nne katika kiti cha watatu, kwani mzigo uliozidi huongeza masafa ya kusimama kwa breki za aina yoyote.

## Kwa wenye pikipiki na malori

Bodaboda nyingi za kwetu hazina ABS, ijapokuwa Ulaya imeilazimisha kwa pikipiki mpya zenye injini iliyozidi cc 125 tangu miaka ya 2016 na 2017. Asiye nayo ajifunze kutumia breki zote mbili kwa pamoja, ya mbele akiikaza hatua kwa hatua bila kuinyakua, pikipiki ikiwa imesimama wima na wala haijalala kwenye kona. Kwenye kokoto au tope apunguze nguvu ya mkono wa mbele, na mwendo wake uwe mdogo tangu mwanzo.

Mwenye Fuso iliyojaa ndizi au maharage asidhani kuwa breki za upepo hazihitaji uangalizi: amwage kila siku maji yanayojikusanya katika matangi ya upepo, asikilize kama pana kuvuja, na achague gia ya kushukia akiwa bado kileleni, kwa maana katikati ya mteremko, gari likiwa limeshashika kasi, gia ya chini huenda isikubali kuingia tena.

## Nasaha ya mwisho

Katika Hospitali ya Nyakahanga, kama katika kila hospitali iliyo karibu na barabara, hapakosekani kitanda chenye mtu aliyevunjika mguu au mkono barabarani, na aghalabu ukikaa kando yake ukamsikiliza, habari yake huanza kwa maneno haya: "Ilikuwa ghafla." Ghafla hatuwezi kuiondoa katika njia zetu zenye kona, mifugo, ukungu wa asubuhi na watoto watokao shule; tunaweza tu kujiandaa nayo.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji wangu, ufanye mambo mawili kabla juma hili halijakwisha. Kesho asubuhi, unapofungua swichi, itazame taa ile ya manjano uhakikishe kuwa inawaka kisha inazimika. Na siku utakapopata nafasi, chukua ndoo tupu uende uwanjani, ukanyage mpaka mguu wako usikie mtetemo ule na usiuogope. Ndoo ikigongwa huokotwa ikasimamishwa tena. Mtoto wa jirani akigongwa, hapana wa kumsimamisha.